Joto la Nani?

Kabla hujaenda dukani kununua themostati ya kupangiwa saa, kaa na watu wa nyumbani kwako uwaulize wanaamka saa ngapi, wanatoka saa ngapi, wanarudi saa ngapi na wanalala saa ngapi. Usiwaulize wangependa iweje, waulize inavyokuwa. Sisi tulipoulizana, hapa Brooklyn Park katika jimbo la Minnesota, mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ya kukifunga kifaa ukutani, na nusu ya mazungumzo hayo hayakuhusu joto hata kidogo.

Kwa msomaji aliyeko Tanga au Mombasa, ambaye feni inamtosha mwaka mzima, nieleze kidogo. Nyumba nyingi za huku zina tanuri la gesi, mara nyingi kwenye besimenti, linalopasha hewa na kuisukuma kupitia mabomba ya bati hadi kila chumba. Themostati ni kidude cha ukutani kinachoamua tanuri liwake au lizimike. Ile ya kawaida unaiweka kwenye nyuzi unazotaka, nayo inabaki hapo mpaka mtu aiguse tena. Ile ya kupangiwa saa unaipa ratiba mara moja: usiku joto lishuke, alfajiri lipande, mchana watu wakiondoka lishuke tena. Januari, nje kunaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, yaani kama 29 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na bili ya gesi inakuja na makali yaleyale. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema ukishusha joto kwa nyuzi 7 hadi 10 za Farenhaiti kwa saa 8 kila siku, unaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za mwaka za kupasha na kupoza nyumba. Hadi 10, si 10.

Hesabu hiyo imepigiwa nyumba ya aina fulani. Ni nyumba ambayo ikifika saa 2 asubuhi watu wazima wote wameshaondoka, watoto wako shule, hakuna aliyebaki ila paka. Saa 12 jioni wote wamerudi. Ukifungua themostati mpya, ratiba iliyotoka nayo kiwandani kwa kawaida ndiyo hiyo: kuamka, kutoka, kurudi, kulala. Mimi nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, kama walivyo Waafrika Mashariki wengi wa huku. Narudi asubuhi, saa ambayo ratiba ya kiwandani inaamini hakuna mtu. Napanda kitandani, tanuri nalo linaambiwa lipumzike. Mume wangu anaendesha basi la shule: anatoka gizani, anarudi saa 4 asubuhi, anatoka tena saa 7 mchana. Mama yangu, aliyekuja kutoka Lushoto kutusaidia na mtoto wa mwisho, tangu Novemba hadi Machi hatoki ila kwa sababu nzito. Nyumba yetu haina saa hata moja ya kuwa tupu, na anayetuahidi ile asilimia 10 hajawahi kututembelea.

Waliotuuzia nyumba walituachia ukutani ile themostati ya mviringo ambayo Henry Dreyfuss aliichora na kampuni ya Honeywell ikaanza kuiuza mwaka 1953. Nilipoivua kifuniko nilikuta utepe wa metali uliojizungusha duara juu ya duara, na juu yake kichupa cha kioo chenye tone la zebaki. Chumba kikipoa, utepe unajikunja, kichupa kinainama, zebaki inateleza hadi upande wa pili na kuunganisha nyaya mbili. Sekunde chache baadaye unasikia tanuri likiwaka huko chini. Mwanangu mkubwa alikaa pale muda mrefu akiizungusha kwa kidole, akiangalia zebaki ikikimbia huku na huku. Kitu kama hicho hakitupwi ovyo. Minnesota imepiga marufuku kutia zebaki kwenye takataka, na kaunti ya Hennepin ina kituo cha kupokelea taka za sumu hapahapa Brooklyn Park.

Nikiri kwamba niliipenda ile ya zamani. Haikuwa na ratiba, lakini kila mtu nyumbani aliiweza. Mama hasomi Kiingereza, ila siku yake ya kwanza alijua: kulia joto, kushoto baridi. Ndiyo maana tulipofika dukani na kuona rafu nzima ya vioo vinavyong'aa, swali langu halikuwa kipi kina mambo mengi. Niliuliza kipi mama ataweza kukitumia mimi nikiwa kazini na mume wangu yuko barabarani. Muuzaji alinitazama kama mtu asiyetarajia swali hilo, kisha akakiri kwamba nusu ya vifaa alivyokuwa anatuonyesha yeye mwenyewe angehitaji kijitabu.

Ratiba ziko za namna namna. Kuna zinazogawa juma mafungu mawili: siku 5 za kazi zinafanana, siku 2 za mapumziko zinafanana. Kuna zinazoitenga Jumamosi na Jumapili kila moja peke yake. Kuna zinazokuruhusu kuipangia kila siku saa zake. Zile za mafungu mawili ni rahisi na bei yake ni nafuu, na kwa familia ya mwalimu au karani zinatosha kabisa. Kwa watu wa zamu hazina maana. Juma langu mimi halijui Jumatatu. Linajua usiku wa kazi na usiku wa kulala, na zote zinahama. Kwa hiyo tukatafuta ya siku 7.

Mume wangu alikuwa na macho kwenye zile za intaneti, zinazosemekana kujifunza zenyewe. Nest, aliyoibuni Tony Fadell na wenzake na kuitoa mwaka 2011, ndiyo iliyozipa umaarufu: unaizungushazungusha siku kadhaa, inashika tabia zako, halafu inajiendesha. Nyingi za kundi hilo zina kihisi kinachotambua mtu akipita mbele yake. Asipopita mtu kwa muda, kifaa kinahesabu kwamba mmeondoka na kushusha joto. Hapo ndipo nilipogoma. Themostati yetu iko koridoni. Mama yuko chumbani kwake kwenye mkeka, anasali au anashona, na korido inaweza kukaa saa mbili bila unyayo. Nisingependa mashine iniambie kwa simu kwamba nyumba haina mtu, na mama yangu yumo ndani.

Jambo hili la korido linanisumbua zaidi ya yote. Mafundi wanasema themostati ikae ukuta wa ndani, kimo cha mita 1.5 hivi kutoka sakafuni, mbali na jua la dirishani, mlango wa nje, taa na tundu linalotoa hewa ya moto. Ushauri mzuri. Lakini hata ikikaa vizuri namna gani, inapima ukuta mmoja na kuamulia vyumba vyote. Yetu inatazamana na jiko. Siku ya chapati korido inapata joto kutokana na jiko, kifaa kinaridhika, tanuri linazima, na watoto kule mwisho wa nyumba wanajikunyata. Sisi tunaoishi mbali na kwetu tunaijua hali hiyo: katika ukoo kuna ndugu mmoja mwenye simu nzuri na mtandao wa uhakika, na afya ya watu thelathini inapimwa kwa sauti yake. Akiwa na furaha, wote wazima. Siku hizi kuna themostati zinazouzwa na vihisi vidogo vya kuweka vyumba vingine, Ecobee wakiwemo, na kama pesa ingeruhusu hicho ndicho ningekilipia kabla ya mambo ya kuiongoza kwa simu.

Nilipomweleza mama kwamba kidude kipya kitaamka kabla yetu sote na kuwasha moto ili tukitoka kitandani tukute nyumba ina joto, aliniuliza, "Na chenyewe kinalala saa ngapi?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Lushoto iko milimani, na Juni na Julai baridi yake si ya kufanyia mzaha. Miaka yote ya utoto wangu kuna mtu alikuwa anaamka saa 11 alfajiri kuchochea kuni ili wengine wakute jiko limeshapata moto, na mtu huyo hakuwa amepangiwa ratiba na yeyote.

Baadaye niligundua kwamba historia ya kifaa hiki nayo ina mtu wa namna hiyo ndani yake. Mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu katika chuo cha ualimu mjini Whitewater, jimbo jirani la Wisconsin, alipata hataza ya themostati ya umeme ya chumbani. Kabla ya hapo mhudumu wa jengo alilazimika kuingia darasa baada ya darasa kuangalia joto, kisha ateremke chini kurekebisha tanuri. Johnson alichoshwa na kukatizwa somo, akatengeneza kifaa kinachopiga kengele kule chini darasa likipoa. Miaka miwili baadaye, hapa Minneapolis, Albert Butz, mzaliwa wa Uswisi, akabuni chake kilichofungua na kufunga chenyewe kilango cha hewa cha tanuri la makaa, na kutokana na kazi yake ikakua kampuni ambayo mwaka 1906 ilikuwa inauza themostati yenye saa. Kwa hiyo kuna zaidi ya karne moja tangu mtu aweze kulala huku saa ikimpandishia joto. Mimi, ambaye usiku kucha naitikia kengele, katika habari hiyo namfuata zaidi yule mhudumu kuliko mwalimu. Vitabu havimtaji jina.

Kengele. Kule kazini kuna wazee wanaobonyeza kitufe cha kuniita mara kumi mfululizo. Kubonyeza mara kumi hakunifanyi nifike haraka. Taa inayowaka mlangoni ni moja. Watoto wangu hufanya vivyo hivyo na themostati: wakitoka kwenye theluji wanaipandisha hadi 80 ili nyumba ipate joto upesi. Tanuri la kawaida halina mwendo wa upesi. Linawaka kwa nguvu ileile, tofauti ni kwamba litachelewa kuzima, na baada ya saa moja mtu anafungua dirisha katikati ya Januari. Mwaka 1986 Willett Kempton aliandika juu ya Wamarekani wa kawaida wanavyozielewa themostati zao, akaonyesha kwamba wengi huzitumia kama bomba la maji: ukifungua zaidi, kinatoka kingi zaidi. Kinachonivutia ni kwamba hakuwacheka. Alionyesha kwamba imani hiyo, ijapokuwa si sahihi kiufundi, ina mambo inayoyatimiza katika maisha ya mwenye nyumba. Nami yule bibi wa chumba cha mwisho simwambii tena kwamba mara moja inatosha. Mara ya pili hadi ya kumi haombi maji.

Kuna imani nyingine inayotembea misikitini na kwenye sherehe zetu huku: kwamba kushusha joto usiku ni kazi bure, maana asubuhi tanuri litateketeza gesi yote uliyookoa. Si kweli. Nyumba hupoteza joto kwa kadiri ya tofauti kati ya ndani na nje. Saa zote ilizokaa na joto la chini imepoteza kidogo, na gesi ya asubuhi haifuti faida hiyo. Ila mwenye pampu ya joto badala ya tanuri la gesi awe mwangalifu. Akishusha sana usiku, asubuhi pampu ikishindwa kupandisha haraka huita hita ya umeme ya akiba, na hiyo ndiyo inayokula pesa. Anunue themostati iliyotengenezwa kwa ajili ya pampu, au ashushe nyuzi chache tu.

Nyaya zilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Kwanza tulizima tanuri kwenye swichi yake, kisha nikapiga picha kabla ya kugusa chochote. Nyuma ya ile ya mviringo kulikuwa na nyaya nyembamba za volti 24: nyekundu inayoleta umeme, nyeupe ya joto, ya manjano ya kiyoyozi, ya kijani ya feni. Na ndani kabisa ya tundu, umekunjwa na kusahaulika, waya wa buluu ambao haukuunganishwa popote. Huo ndio wa kutafuta. Wengi huuita waya wa C, na themostati za kisasa zinautaka ili zipate umeme wakati wote bila kutegemea betri. Ukiwa nao, mshukuru fundi aliyekutangulia. Usipokuwa nao, chagua inayotumia betri, na ubadilishe betri kila vuli bila kungoja ziishe, kwa sababu zitachagua kuisha usiku wa baridi kuliko wote, na mabomba ya maji yakiganda bili ya gesi utaiona ndogo. Na ukifungua ukakuta nyaya nene, acha palepale. Hizo huenda ni za hita za umeme za volti 240, ambazo zina themostati zake tofauti kabisa, na kazi hiyo ni ya fundi.

Rafiki yangu mmoja wa Bukavu anayepanga fleti mjini alinisikiliza nikisimulia haya yote, akasema kwake joto linaamuliwa na mtu asiyemjua. Tangu Januari 2024 sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba adumishe angalau nyuzi 68, sawa na 20 za Selsiasi, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, isipokuwa pale ambapo mpangaji mwenyewe ndiye anayeongoza joto lake. Nilimnunulia kipimajoto cha dola chache akiweke mezani. Bila namba, malalamiko yake yangebaki hisia tu.

Sasa ile hesabu ya nani anataka nini. Nilidhani vita vitakuwa kati ya mama na bili. Kumbe mama alikuwa upande wa bili. Kwake baridi inatibiwa mwilini: sweta, soksi mbili, kitenge kiunoni, chai ya tangawizi mkononi. Kupasha hewa yote ya nyumba pamoja na ya kabati la viatu aliona ni ufujaji. Angepatana sana na Jimmy Carter, aliyejitokeza kwenye televisheni Februari 2, 1977 amevaa sweta na kuwaomba Wamarekani waweke nyuzi 65 mchana na 55 usiku. Waliodai 72 ni watoto, waliozaliwa hapa Minnesota, wanaokaa na fulana za mikono mifupi wakati theluji imefika dirishani.

Hata hivyo mama sikumsikiliza moja kwa moja. Kazi imenifundisha kwamba mtu mzima wa umri wake anaweza kupoa bila yeye kuhisi, na Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani inashauri nyumba yenye mzee isiteremke chini ya 68. Hivyo 68 ikawa sakafu yetu, na ule ushushaji mkubwa unaosifiwa kwenye maboksi ukatutoka mkononi. Tulichobaki nacho ni kidogo: 70 jioni wote wakiwa sebuleni, 68 saa nyingine zote, usiku na mchana ninapolala. Ramadhani tunapanga upya, joto lipande kabla ya daku; hakuna kiwanda kilichofikiria daku. Na kwa kuwa kioo cha kifaa kinaandika saa tano pale mama anapoijua saa kumi na moja, binti yangu alibandika karatasi pembeni yenye saa zetu na michoro miwili, jua na mwezi.

Kwa miaka mingi themostati za kupangiwa saa zilipewa nembo ya serikali ya Energy Star, kisha mwishoni mwa 2009 nembo ikaondolewa, kwa sababu akiba iliyotarajiwa haikuonekana kwenye nyumba za watu. Alan Meier na wenzake wa maabara ya Lawrence Berkeley walipochunguza vifaa majumbani walikuta vingi vimewekwa kwenye kitufe cha kushikilia, yaani ratiba ipo lakini imezimwa, na vingine hata saa yake si sahihi. Lawama nyingi zilikwenda kwa vitufe vidogo na vijitabu visivyosomeka. Ni kweli, lakini nadhani si yote. Ratiba ni makubaliano, na nyumba nyingi alipanga mmoja aliyependa mashine, wengine wakaja kuambiwa.

Mume wangu alitaka tuweke namba ya siri ili watoto wasiibonyeze. Nilikataa. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo themostati za vyumbani zilifungiwa ndani ya visanduku vya plastiki vyenye kufuli, na nikamwona mzee akigonga kisanduku hicho kwa ukucha. Tukakubaliana hivi: anayetaka kupandisha apandishe, ila avae soksi kwanza, na atumie kitufe cha muda, kile ambacho ratiba ikifika kipindi kinachofuata inarudi yenyewe. Binti akauliza kama sheria ya soksi inamhusu na baba, anayetembea pekupeku nyumba nzima. Baba akasema hiyo ni ya watoto. Mama, bila kuinua macho kwenye ushonaji wake, akasema inamhusu.